BWANA SHAMBA NA WEWE: Tazama matundu mawili kabla ya kununua adapta

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani. Mwezi huu tutazungumza juu ya kitu kidogo kuliko gunzi la hindi. Kitu hicho kinaitwa adapta.

Utauliza: Je, Bwana Shamba ana habari gani na mambo ya kompyuta? Ninayo habari nayo. Siku hizi nikija kijijini kufundisha juu ya kiwavijeshi vamizi, siji na picha ya karatasi peke yake. Naja na kompyuta ya kubeba. Picha ya kiwavi inaonyeshwa ukutani, kubwa kama mlango. Hata aliyekaa nyuma kabisa anaona yale madoa manne meusi karibu na mkia. Picha ya karatasi haiwezi kufanya hivyo kwa watu mia moja.

Ofisi nyingi za vijiji nazo zina kompyuta. Vyama vya ushirika vinazo. Shule zinazo. Televisheni ipo, au projekta ipo, yaani ile mashine inayotupa picha ukutani. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu cha kuviunganisha viwili hivyo. Au kipo, lakini sicho chenyewe. Katika ofisi moja nilifunguliwa droo ya meza. Ndani mlikuwa na adapta tano, zote zimenunuliwa kwa fedha ya wanachama. Hakuna hata moja iliyofaa.

Wewe unayesoma gazeti hili huenda ni mjumbe wa kamati. Huenda ni mweka hazina. Siku moja italetwa hoja ya kununua adapta, na wengi watanyamaza kwa kuwa wanadhani ni jambo la wataalamu. Si la wataalamu. Mtu anayejua kusoma herufi anaweza kulisimamia.

Anza ofisini, usianze dukani

Kompyuta ya kubeba ina kioo chake. Kioo hicho kinatosha watu watatu au wanne. Tukitaka watu wengi waone, picha lazima itoke kwenye kompyuta, ipite kwenye tundu, ifuate waya, iingie kwenye tundu la projekta au la televisheni. Kwa hiyo matundu ni mawili. Moja la kutokea na moja la kuingilia.

Kama matundu hayo yanafanana, huhitaji adapta. Unahitaji waya tu. Kama hayafanani, hapo ndipo adapta inapohitajika, ikae katikati. Fundi hachongi mpini kabla ya kuona tundu la jembe. Vivyo hivyo usinunue adapta kabla ya kuona matundu yote mawili. Watu wengi hutazama la kompyuta tu. Hilo ni nusu ya kazi.

Chukua tochi ya simu. Tazama ubavuni mwa kompyuta, kulia na kushoto. Kisha tazama nyuma ya projekta. Karibu na kila tundu pana herufi ndogo. Ziandike kwenye karatasi kama zilivyo. Kama hapana herufi, chora umbo la tundu, au lipige picha.

Herufi utakazokutana nazo sana ni VGA na HDMI. Tuanze na VGA. Tundu hili lilianza mwaka 1987 katika kompyuta za kampuni ya IBM ya Marekani. Ni pana, na mara nyingi lina rangi ya buluu. Upande wa juu ni mrefu kuliko upande wa chini, kama beseni unalolitazama kwa ubavuni. Lina vijitundu 15 katika mistari mitatu. Kulia na kushoto pana mahali pa kukazia skrubu. Kwenye projekta nyingi neno VGA halipo, badala yake wameandika COMPUTER au PC. Tundu ni lile lile.

HDMI ni la mwaka 2002. Ni jembamba na bapa, pembe zake mbili za chini zimekatwa. Ndani lina pini 19. Televisheni bapa karibu zote zinalo, na kompyuta nyingi zinalo.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Matundu haya mawili hayatofautiani kwa umbo tu. Yanasema lugha mbili. VGA hupeleka picha kwa umeme unaopanda na kushuka, kama maji ya mfereji yanayoongezeka na kupungua. HDMI hupeleka picha kwa hesabu, namba tupu, moja baada ya nyingine. Anayejua lugha moja haelewi nyingine. Kwa hiyo kati yao lazima awepo mkalimani. Mkalimani huyo ni kipande kidogo cha elektroniki kilichomo ndani ya adapta.

Ndiyo maana waya mtupu, wenye kichwa cha HDMI huku na kichwa cha VGA kule, bila mkalimani ndani, haufanyi kazi. Nyaya hizo zinauzwa. Bei yake ni ndogo, na vichwa vyake vinaingia vizuri. Lakini picha haiji. Mjini huwekwa pamoja na zile nzuri, kwenye msumari mmoja.

Mkalimani naye hula. Chakula chake ni umeme. Adapta nyingi za HDMI kwenda VGA hupata umeme kidogo kutoka kwenye kompyuta yenyewe, na huo hutosha. Nyingine zina kitundu cha kuongezea umeme, sawa na cha chaja ya simu. Ukikiona, kitumie.

Tena VGA haibebi sauti. Picha itaonekana ukutani, watu watazungumza, nanyi hamtasikia neno. Kwa ajili hiyo adapta nzuri ya HDMI kwenda VGA ina kitundu cha duara, kile cha kuchomekea visikilizio. Hapo utaunganisha spika. Kama mnataka kuonyesha hesabu tu, sauti si muhimu. Kama mnataka filamu ya mafunzo, usinunue isiyo na kitundu hicho.

Kila kitu kiliingia, picha haikuja

Katika kata yangu kiko kijiji kimoja chenye projekta ya zamani. Ina tundu la VGA peke yake. Kompyuta ya ofisi ni mpya, haina VGA, ina HDMI. Jambo hili si la ajabu. Mwezi wa Desemba mwaka 2010 makampuni ya Intel na AMD, pamoja na watengenezaji kadhaa wa kompyuta na vioo, yalitangaza mpango wa kuachana na VGA ifikapo mwaka 2015. Kompyuta zikaenda huko. Projekta za zamani hazikwenda kokote, bado ziko kwetu.

Wanakijiji walikuwa wameomba jambo moja. Walitaka mapato na matumizi yaonyeshwe ukutani katika mkutano mkuu wa kijiji, yasisomwe kwa mdomo tu. Wengi wao wamemaliza kisomo. Walisema: "Sasa tunajua kusoma. Tuonyesheni tusome wenyewe."

Afisa mtendaji akakubali. Akatuma mtu mjini anunue adapta ya HDMI na VGA. Akamwambia hivyo hivyo: "HDMI na VGA." Mtu yule akaleta adapta yenye herufi hizo zote mbili. Wakachomeka. Kila kichwa kikaingia mahali pake bila kulazimishwa. Ukuta ukawa wa buluu, ukaandika NO SIGNAL, maana yake hakuna picha inayofika. Wakazima, wakawasha. Wakapuliza vumbi. Saa nzima ikapita. Watu wakaanza kuondoka, na njiani wakawa wanasema kwamba hesabu zimefichwa makusudi.

Hazikufichwa. Adapta ile ilikuwa imeandikwa VGA to HDMI. Iliyotakiwa ni HDMI to VGA. Herufi ni zile zile, lakini mpangilio ni tofauti, na neno dogo la katikati lina maana ya "kwenda". Ya kwanza hupokea picha kutoka kompyuta yenye VGA, ikaipeleka kwenye televisheni yenye HDMI. Ya pili hufanya kinyume chake. Mashine ya kukoboa hugeuza mpunga kuwa mchele. Ukimwaga mchele hutapata mpunga hata ungegeuza mashine miguu juu. Adapta nyingi ni hivyo: zinakwenda upande mmoja tu.

Kwa hiyo shika hili. Taja kwanza tundu la kompyuta, ndipo utaje tundu la projekta au televisheni. "Kutoka HDMI kwenda VGA." Na ukipewa kifurushi, soma herufi katika mpangilio huo huo. Ya kwanza ni ya kompyuta. Ikiwa karatasi imeandikwa tofauti, rudisha.

Mkutano uliofuata walikuwa na adapta iliyo sahihi. Mama mmoja wa makamo, aliyejifunza kusoma ukubwani, alisimama akanyosha kidole ukutani. Akauliza kwa nini gharama ya kusafirisha mbolea imeandikwa mara mbili. Mtendaji akatazama. Kweli, ilikuwa imeandikwa mara mbili. Wakairekebisha pale pale, mbele ya mkutano. Kwa mdomo hesabu ile ingepita, kwa sababu anayesikiliza mistari 40 hawezi kukumbuka mstari wa sita akifika wa 31.

Tundu dogo lenye kudanganya

Kompyuta za siku hizi zina tundu jingine, dogo, la mviringo ulionyooshwa. Linaitwa USB-C. Lilitokea mwaka 2014. Simu nyingi mpya huchajiwa kwa tundu hilo hilo. Kichwa chake kinaingia juu chini na chini juu, hakikosei. Hapo limetusaidia.

Lakini limetuletea taabu nyingine. Punje ya mahindi ya kula na punje ya mahindi ya mbegu hufanana kwa macho. Ukipanda ndipo utajua. USB-C ni hivyo. Matundu mawili yanafanana kabisa, moja linatoa picha na jingine halitoi. Lile lisilotoa picha linaweza kuchaji au kupeleka mafaili tu. Ukilichomekea adapta ya kutoka USB-C kwenda HDMI, hata iwe nzuri namna gani, ukuta utabaki mtupu. Adapta haina kosa. Kompyuta haipeleki kitu. Hata katika simu ni hivyo hivyo: zipo zinazotoa picha na zipo zisizotoa, na tundu ni moja.

Utatambuaje? Tazama alama iliyo karibu na tundu. Ukiona mchoro wa radi wenye kichwa cha mshale, mara nyingi tundu hilo linatoa picha. Ukiona herufi D na P zilizounganishwa pamoja, linatoa picha. Kama hapana alama, usikate tamaa wala usinunue kwa kubahatisha, kwa kuwa kompyuta nyingine zinatoa picha bila kuwekewa alama yoyote. Soma kijitabu kilichokuja nayo. Kama kijitabu kimepotea, nacho mara nyingi kimepotea, andika jina kamili la kompyuta lililo chini yake. Mwalimu au afisa mwenye intaneti atalitafuta. Njia iliyo bora kuliko zote ni kuibeba kompyuta yenyewe hadi dukani.

Kuna jambo la pili juu ya USB-C. Baadhi ya kompyuta zina tundu moja tu la namna hiyo, na ndilo la kuchajia. Ukiweka adapta, chaja haina pa kuingia. Mkutano wetu wa kijiji hauishi kwa nusu saa, sote tunajua. Betri itakwisha katikati ya ajenda. Basi chagua adapta yenye tundu la pili la kupitishia chaji. Karibu nalo huandikwa PD. Itakuwa ghali zaidi kidogo, lakini kwa kompyuta ya namna hiyo mimi nasema mlipe.

Matundu mengine nitayapitia upesi. Liko la DisplayPort. Linafanana na HDMI, ila pembe yake moja tu ndiyo iliyokatwa. Adapta yake ya kwenda HDMI ni rahisi kupatikana, nayo pia haigeuki. Liko DVI, jeupe na pana, utaliona kwenye vioo vya ofisi vilivyotumika. Kisha lipo tundu la kawaida la flashi. Kuna adapta zinazotoa picha kwa tundu hilo la flashi, lakini kompyuta lazima kwanza iwekewe programu yake, nayo mara nyingi hutafutwa kwa intaneti. Mahali ambapo mtandao ni wa kupanda kilimani, mimi singeichagua.

Na ile televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa? Mbele au nyuma yake pana matundu matatu ya duara: njano, nyeupe na nyekundu. Njano ni picha, mengine mawili ni sauti. Iko adapta ya kutoka HDMI kwenda matundu hayo. Inafaa kwa filamu. Haifai kwa hesabu. Kompyuta huchora picha kwa mistari 1080, na televisheni ile huonyesha mistari 576 tu. Herufi ndogo huvurugika, na tarakimu 3 huonekana kama 8. Hapo mtagombana bure.

Dukani

Ukifika dukani, toa karatasi yako. Soma: "Kutoka hili, kwenda hili." Mwonyeshe muuzaji picha za matundu. Kisha tazama vichwa vyenyewe. Mafundi huita kichwa chenye kuingia dume, na chenye kuingiliwa huita jike. Adapta nyingi za HDMI kwenda VGA zina dume upande wa HDMI na jike upande wa VGA. Yaani bado unahitaji waya wa VGA wenye dume pande zote mbili, wa kufika kwenye projekta. Uliza kama ofisi inao. Wengi hununua adapta, wakarudi nyumbani, wakagundua kwamba hawana waya, na nauli ya kurudi mjini ni kubwa kuliko bei ya waya.

Pima urefu pia. Projekta hukaa mbali na meza ya katibu. Lakini usinunue waya mrefu kupita mahitaji. Mita tatu au tano kwa kawaida zatosha. Waya mrefu sana wa HDMI, hasa wa bei ndogo, hukatisha picha, na wa VGA huitia ukungu.

Muuzaji atakuambia juu ya 4K. Hiyo ni picha yenye nukta nyingi mno. Projekta yako ya kijiji haiwezi kuzionyesha, nyingi huishia nukta 1024 kwa 768, au 1280 kwa 800. Usilipie kitu ambacho ukuta hautakionyesha.

Omba kujaribu kabla ya kulipa. Duka linalouza adapta huwa na televisheni inayowaka. Kama televisheni ya dukani ina HDMI, na yako ina VGA, jaribio halijakamilika, omba kioo chenye VGA. Muuzaji akikataa kabisa kukujaribishia, nenda duka la pili. Ukilipa, chukua stakabadhi, na iandikwe jina kamili la kitu, siyo "adapta 1" tu. Mkaguzi akija atataka kujua ni adapta gani, na wewe utataka kujua kama inarudishika.

Siku ya mkutano

Fika mapema, kabla watu hawajakaa. Unganisha vyote, kisha washa projekta. Kwenye projekta au rimoti yake tafuta kitufe chenye neno SOURCE au INPUT. Kibonyeze mpaka ufike kwenye jina la tundu ulilotumia. Televisheni nayo ni hivyo. Televisheni yenye HDMI tatu haitajua umechomeka ya ngapi.

Kama kompyuta inatumia Windows, shika kitufe chenye alama ya dirisha, na bila kukiachia bonyeza herufi P. Itatokea orodha yenye mambo manne. La kwanza ni kioo cha kompyuta peke yake. La pili ni picha moja kwenye vioo vyote viwili. La tatu hurefusha kioo, la nne hutumia kioo cha nje peke yake. Chagua la pili. Mara nyingi watu hulaumu adapta iliyo nzima kwa sababu kompyuta imeachwa kwenye la kwanza.

Mkimaliza, vuta kichwa, usivute waya. Legeza skrubu za VGA kwanza, nimeona tundu la projekta limeng'olewa pamoja na skrubu. Weka adapta katika kopo lenye kifuniko, kwa maana panya wa ghalani hupenda nyaya kama wanavyopenda magunia. Bandika juu ya kopo karatasi yenye maneno haya: "Kutoka HDMI kwenda VGA. Ya projekta." Kisha iandike katika daftari la mali ya kijiji.

Mwezi ujao tutarudi ghalani. Tutazungumza juu ya dumuzi.